Ufadhili wa huduma za dharura ya afya ya akili kwa vijana katika kaunti za Kenya

Ufadhili wa huduma za dharura ya afya ya akili kwa vijana katika kaunti za Kenya ni utaratibu wa kupanga, kutenga na kutumia fedha za umma ili watoto na vijana wanaopatwa na hali ya hatari ya kiakili wapate msaada wa haraka karibu na wanakoishi. Tangu mwaka 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya nchini Kenya iko mikononi mwa serikali 47 za kaunti. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa na kuzitaka kaunti zitenge fedha za huduma hizo katika bajeti zao.

Sheria hiyo haikutaja kiasi wala asilimia ya bajeti inayopaswa kutengwa. Kwa sababu hiyo huduma ya dharura kwa kijana hulipiwa kwa vipande: mshahara wa muuguzi hutoka kwenye fungu moja, dawa kwenye lingine, gari la wagonjwa kwenye lingine, na mara nyingi familia hujazia pengo linalobaki.

## Maana

Dharura ya afya ya akili ni hali ambayo mtu yuko katika hatari ya kujidhuru, kuwadhuru wengine au kushindwa kabisa kujitunza, kiasi kwamba hawezi kusubiri miadi ya kliniki. Mifano yake ni mawazo makali ya kujiua au jaribio la kujiua, kuchanganyikiwa kwa ghafla pamoja na kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, fadhaa kali baada ya ukatili au msiba, na hali zinazoletwa na pombe au dawa za kulevya.

Neno "kijana" lina maana zaidi ya moja. Katiba ya Kenya humhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafika miaka 35, na mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Shirika la Afya Duniani hutumia umri wa miaka 10 hadi 24 linapozungumzia watoto waliobalehe na vijana kwa pamoja. Tofauti hii ina uzito katika bajeti, kwa kuwa mtoto wa miaka 15 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, wodi isiyomchanganya na watu wazima, na wahudumu waliofunzwa kushughulika na watoto. Kijana wa miaka 22 anaweza kufika hospitalini peke yake, bila kazi na bila bima.

Huduma kamili ya dharura ina hatua kadhaa:

* simu au mtu wa karibu wa kupokea taarifa ya kwanza;
* usafiri salama hadi kituo cha afya;
* uchunguzi na utulizaji katika idara ya dharura, saa yoyote ya mchana au usiku;
* kitanda cha kulazwa kwa siku chache pale inapohitajika;
* ufuatiliaji baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, hasa katika wiki za kwanza.

Kila hatua ina gharama yake, na si zote zilizo chini ya kaunti.

## Historia

### Kabla ya ugatuzi

Matibabu ya magonjwa ya akili nchini Kenya yalianza kama huduma ya kituo kimoja cha Nairobi. Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910 wakati wa ukoloni, ikiwa mahali pa kuwatenga wagonjwa zaidi kuliko kuwatibu. Baada ya uhuru wodi ndogo za magonjwa ya akili zilifunguliwa katika baadhi ya hospitali za mikoa na wilaya, lakini Mathari ilibaki kuwa kituo kikuu. Bajeti yote ilipangwa na wizara jijini Nairobi.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilieleza jinsi mgonjwa anavyolazwa kwa hiari au bila hiari. Iliwapa pia maafisa wa polisi na machifu mamlaka ya kumchukua mtu anayeonekana kuwa hatarini na kumfikisha hospitalini. Kwa njia hiyo polisi wakawa sehemu ya huduma ya dharura, ingawa hawakupewa bajeti wala mafunzo ya kutosha kwa kazi hiyo.

### Katiba ya 2010 na kuanza kwa kaunti

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iligawa kazi za afya kati ya ngazi mbili za serikali. Serikali ya taifa ilibaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti zilipewa vituo vya afya na hospitali za kaunti, huduma za magari ya wagonjwa na afya ya msingi. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kaunti zilianza kazi, na katika mwaka huohuo zikakabidhiwa hospitali na wafanyakazi wake.

Mathari, ikiwa hospitali ya rufaa ya taifa, ilibaki chini ya serikali kuu. Kwa hiyo kituo kikubwa zaidi cha magonjwa ya akili nchini kina bajeti tofauti na ile ya kaunti anakotoka mgonjwa.

### Kikosi kazi cha 2019 na sheria ya 2022

Katika hotuba ya Siku ya Madaraka mwaka 2019, iliyofanyika Narok, Rais Uhuru Kenyatta alizungumzia ongezeko la sonona na visa vya kujiua, akaagiza hatua zichukuliwe. Kikosi kazi kiliundwa chini ya uenyekiti wa daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga. Ripoti yake ya mwaka 2020 ilipendekeza tatizo la afya ya akili litangazwe kuwa dharura ya kitaifa na liundwe shirika la pekee la kulisimamia. Baadaye serikali ilitoa mpango wa utekelezaji wa afya ya akili wa miaka 2021–2025 na mkakati wa kuzuia kujiua wa 2021–2026.

Wakati huohuo Seneti ilikuwa ikijadili mswada wa kurekebisha sheria ya 1989, uliowasilishwa na Seneta Sylvia Kasanga. Mswada huo ulitiwa saini kuwa sheria mwezi Juni 2022.

## Msingi wa kisheria

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya kupata huduma ya afya.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 iliweka wajibu wa kila ngazi ya serikali. Kaunti zinatakiwa kutoa matibabu na huduma za kurekebisha hali ya wagonjwa katika vituo vyake, kutenga fedha zinazohitajika katika bajeti ya kaunti, na kuwa na baraza la afya ya akili la kaunti. Kabla ya hapo kaunti iliweza kudai kwamba afya ya akili ni kazi ya Mathari. Baada ya sheria hiyo dai hilo halina nguvu.

Hatua nyingine ilitoka mahakamani. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya hadi miaka 2 gerezani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa miongoni mwa waliofungua kesi hiyo. Uamuzi huu unagusa pia bajeti: kijana aliyenusurika jaribio la kujiua hapaswi tena kuwa mtuhumiwa anayesubiri seli, bali ni mgonjwa anayesubiri kitanda, na hospitali za kaunti ndizo zinazotarajiwa kuwa nacho.

## Vyanzo vya fedha

### Mgao wa usawa

Chanzo kikubwa cha fedha za kaunti ni mgao wa usawa kutoka mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa. Katiba inataka mgao huo usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa fedha 2013/14 kaunti zote zilipata shilingi bilioni 190. Kufikia 2021/22 mgao ulikuwa bilioni 370.

Fedha hizo hugawanywa kati ya kaunti kwa fomula inayopendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kuamuliwa na Bunge. Katika fomula iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mvutano mrefu, afya ilipewa uzito wa asilimia 17, idadi ya watu asilimia 18 na umaskini asilimia 14. Kipimo cha afya kiliangalia upungufu wa vituo, idadi ya wagonjwa wa nje na siku za kulazwa. Hakuna sehemu ya fomula iliyopima mahitaji ya afya ya akili.

Jambo muhimu zaidi ni kwamba mgao wa usawa hauna masharti. Uzito wa afya katika fomula hiyo ya 2020 ulichangia kuamua kaunti ilipata kiasi gani, lakini haukuilazimisha kutumia kiasi hicho kwa afya. Gavana na bunge la kaunti ndio wanaoamua.

### Ruzuku zenye masharti

Serikali ya taifa na wafadhili hutoa pia ruzuku kwa kazi maalumu. Mfano unaojulikana ni mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanza mwaka 2015, uliolenga hospitali mbili katika kila kaunti. Ulihusu vyumba vya upasuaji, usafishaji wa figo, wagonjwa mahututi na picha za mionzi. Afya ya akili haikuwamo, kwani huduma yake haitegemei mashine kubwa za kukodishwa bali watu waliofunzwa.

### Mapato ya hospitali na bima

Ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma ziliondolewa mwaka 2013, lakini hospitali huendelea kutoza. Sheria ya kuboresha ufadhili wa vituo vya afya ya mwaka 2023 iliruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake badala ya kuyapeleka yote kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Msimamizi wa hospitali anaweza kununua dawa zilizoisha bila kusubiri idhini ndefu kutoka makao makuu ya kaunti.

Mwezi Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Wenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini cha mchango ni shilingi 300 kwa mwezi. Mfumo huo una mifuko mitatu: wa afya ya msingi, wa bima ya afya ya jamii, na wa dharura pamoja na magonjwa sugu. Kijana ambaye hajasajiliwa, au ambaye familia yake haijalipa mchango, anaweza kukuta kwamba kulazwa kwake hakulipiwi na mfuko wa bima.

## Mzunguko wa bajeti ya kaunti

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka ratiba ambayo kila kaunti hufuata. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni.

* Kufikia 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kwa bunge la kaunti.
* Kufikia 28 Februari: waraka wa mkakati wa fedha huweka kikomo cha kila idara, ikiwamo afya.
* Kufikia 30 Aprili: makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni.
* Kufikia 30 Juni: sheria ya matumizi ya fedha hupitishwa.

Wananchi wana haki ya kushirikishwa katika hatua hizi. Hata hivyo wengi hujitokeza mwezi Mei, wakati makadirio yanapojadiliwa na kikomo cha idara ya afya kimeshawekwa. Anayetaka fungu jipya la huduma za dharura kwa vijana hufika kwa wakati zaidi akianza na mpango wa maendeleo, karibu mwaka mzima kabla ya fedha kutumika.

Bajeti hupangwa kwa programu, kwa mfano "huduma za tiba" au "afya ya kinga". Afya ya akili isipokuwa na programu ndogo au mstari wake, fedha zake huzama ndani ya programu kubwa. Hapo Mdhibiti wa Bajeti na Mkaguzi Mkuu wa Serikali hawawezi kuona kwa urahisi ni kiasi gani kilitumika, na wawakilishi wa wadi hawana cha kuhoji.

## Njia ya mgonjwa na mfuko unaolipa

Ugumu wa ufadhili huu huonekana vizuri ukifuata njia anayopita kijana mmoja, kwa mfano mwanafunzi wa shule ya bweni ya sekondari.

Shuleni. Kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini tu. Shule za msingi na sekondari ni kazi ya serikali ya taifa, na walimu, wakiwamo wale wanaotoa ushauri nasaha, huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu. Dalili za kwanza za mwanafunzi huonekana mahali ambapo kaunti haina mtumishi.

Kwenye simu. Namba 116 ya Childline Kenya hupokea bure simu kuhusu watoto, na Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba 1199 ya ushauri. Befrienders Kenya hushughulika na watu wenye mawazo ya kujiua. Huduma hizi ni za nchi nzima, wala si idara za kaunti. Anayepokea simu anaweza kumtuliza mpigaji na kumwelekeza, lakini hana gari wala kitanda.

Barabarani. Magari ya wagonjwa ni kazi ya kaunti. Wahudumu wake mara nyingi wameandaliwa kwa ajali na uzazi kuliko kwa mtu aliyefadhaika. Gari lisipopatikana, mgonjwa hupelekwa kwa gari la shule, teksi, bodaboda au gari la polisi, ambao nao wako chini ya serikali ya taifa.

Katika idara ya dharura. Hapa mfuko wa kaunti ndio unaolipa: mishahara ya matabibu na wauguzi, dawa, umeme na ulinzi. Swali la bajeti ni kama kuna mtu wa zamu ya usiku anayejua kupima hatari ya kujiua, na kama kuna chumba tulivu mbali na msongamano.

Kulazwa. Ikiwa hospitali haina wodi ya magonjwa ya akili, mgonjwa hupewa rufaa kwenda kaunti nyingine au Mathari. Kaunti inayomtoa hailipii kitanda cha huko. Kaunti iliyojenga wodi ndiyo inayopokea wagonjwa wa majirani, na hivyo iliyowekeza hubeba mzigo wa isiyowekeza. Familia hubaki na nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea.

Baada ya kurudi nyumbani. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taifa na kaunti. Wahamasishaji hawa ndio wanaoweza kupita nyumbani kwa kijana na kuona kama anatumia dawa, ilimradi wamefunzwa na kaunti yao inalipa nusu yake kwa wakati.

Katika safari hii mgonjwa ni yuleyule, lakini wanaolipa ni zaidi ya wanne. Kila mmoja anaweza kutimiza sehemu yake kwenye karatasi huku kijana akikosa msaada katikati ya sehemu mbili.

## Ukubwa wa mahitaji

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya waliobalehe, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, uliwahusu watoto wa miaka 10 hadi 17. Ulionyesha kwamba asilimia 44.3 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya ugonjwa wa akili. Si wote hao wanaohitaji huduma ya dharura. Wengi wangefaidika na ushauri wa mapema, na kadiri ushauri huo unavyokosekana ndivyo wengi zaidi wanavyofika hospitalini hali ikiwa imeshakuwa mbaya.

Upande wa huduma, ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ni sehemu ndogo sana ya vituo vya umma iliyotoa matibabu ya akili. Wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Waliobobea katika akili za watoto ni wachache zaidi.

## Changamoto za ufadhili

Gharama za watu. Huduma ya dharura ya akili ni kazi ya watu: wauguzi, matabibu, wanasaikolojia na wafanyakazi wa jamii. Gharama yake karibu yote ni ya mishahara, inayorudi kila mwezi. Kanuni za fedha zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshavuka kiwango hicho. Wakati huohuo sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Hivyo ni rahisi zaidi kujenga jengo la wodi kuliko kuajiri wauguzi wa kulihudumia.

Kuchelewa kwa fedha. Mgao kutoka hazina ya taifa mara nyingi huchelewa. Kaunti hulipa mishahara kwanza, na dawa husubiri. Kaunti zikiwa na madeni kwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, usambazaji huathirika. Kwa kijana aliyeanza dawa baada ya dharura, kukosa dozi za wiki chache kunaweza kumrudisha alikotoka.

Migomo. Wafanyakazi wengi wa afya wameajiriwa na kaunti. Mgomo wa madaktari wa 2016–2017 ulidumu siku 100, na wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Mtu aliye katika dharura ya akili hawezi kuambiwa asubiri mgomo uishe, na hospitali za binafsi ni ghali kwa familia nyingi.

Unyanyapaa. Wanasiasa hushindana kwa miradi inayoonekana. Barabara na zahanati huzinduliwa mbele ya umati. Mafunzo ya wauguzi wa zamu ya usiku hayana utepe wa kukata. Familia nazo huficha tatizo, hivyo wachache husimama kwenye mkutano wa bajeti kudai huduma ambayo wangeona aibu kusema wanaihitaji.

## Mbinu zilizojaribiwa

Katika kaunti ya Makueni, wakfu wa utafiti wa afya ya akili ulioanzishwa na Profesa David Ndetei ulishirikiana na serikali ya kaunti kuwafunza wauguzi, matabibu, wahudumu wa jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua matatizo ya akili na kuwapeleka wagonjwa vituoni. Mafunzo hayo yalitumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa. Makueni pia ilikuwa na mpango wa afya kwa wote uliotoza kila kaya shilingi 500 kwa mwaka, uliowaondolea wagonjwa malipo ya mlangoni katika hospitali za kaunti.

Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, huwatumia vijana waliomaliza shule kuendesha vikao vya makundi kwa wanafunzi wa sekondari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba vikao hivyo vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Mbinu hii si huduma ya dharura, lakini inaweza kupunguza idadi ya wanaofika kwenye dharura, na haihitaji daktari bingwa katika kila shule.

Miradi mingi ya aina hii huanza kwa fedha za watafiti au wafadhili. Jaribio lake halisi huja fedha hizo zinapoisha, wakati kaunti inapopaswa kuamua kama itaandika gharama hiyo katika bajeti yake.

## Ulinganisho na mifumo mingine

Serikali za mitaa katika nchi nyingine hufadhili huduma hizi kwa njia tofauti, na tofauti hizo husaidia kuelewa mfumo wa Kenya.

Nchini Tanzania, halmashauri huandaa kila mwaka mpango kabambe wa afya, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya kutolea huduma. Kama ilivyo Mathari nchini Kenya, hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ni ya ngazi ya taifa, si ya halmashauri.

Nchini Marekani, kaunti ya King katika jimbo la Washington, ambamo mna jiji la Seattle, ilichukua njia ya kodi maalumu. Mwezi Aprili 2023 wapiga kura waliidhinisha kodi ya majengo na ardhi ya miaka 9 kuanzia 2024, inayotarajiwa kukusanya hadi dola bilioni 1.25. Fedha hizo ni za vituo 5 vya dharura ya afya ya akili, kimoja kikiwa cha vijana, pamoja na vitanda vya matibabu ya muda mrefu na wafanyakazi. Sheria ya kodi hiyo imetaja kazi yake, hivyo haiwezi kuhamishiwa barabara.

Kaunti za Kenya zina uwezo wa kikatiba wa kutoza kodi ya ardhi na majengo, lakini mapato hayo huingia kwenye mfuko mkuu wa kaunti na kugawanywa pamoja na mengine. Ulinzi wa fedha za huduma za vijana hutegemea mstari katika bajeti, unaopaswa kutetewa upya kila mwaka.

## Umuhimu

Ugatuzi ulileta hospitali karibu na wananchi, na sheria ya 2022 ilizipa kaunti wajibu ambao awali haukuwa wazi. Kilichobaki kinaweza kupimwa na mwananchi yeyote kwa kufungua bajeti ya kaunti yake: kama kuna mstari wa afya ya akili, kama unataja vijana, kama unalipia watu wa zamu ya usiku na dawa za ufuatiliaji, na kama ripoti za robo mwaka za Mdhibiti wa Bajeti zinaonyesha kwamba fedha hizo zilitoka kweli. Pale majibu yanapokuwa hapana, huduma huweza kuwapo kwa juhudi za wahudumu wachache, lakini kijana anayefika hospitalini usiku hutegemea bahati ya nani yuko zamu.

Mtu yeyote nchini Kenya mwenye mawazo ya kujidhuru, au anayemhofia mtoto au rafiki, anaweza kupiga simu 1199 au 116, au kufika katika idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu.